Matundu Kumi na Manne

Kadi za kwanza zilikuja kwa ndege ndogo, ndani ya bahasha iliyobandikwa gundi mara mbili. Zilikuwa nne, za plastiki, kila moja na namba yake, pamoja na barua ya maelezo: dereva anafika kwenye kituo cha mafuta, anachomeka kadi kwenye mashine, anabonyeza namba zake za siri, anajaziwa. Niliisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya madereva wetu wanne wa pikipiki, pale uani kwenye bohari ya kampuni, Kasongo. Nilipofika kwenye neno mashine, mmoja wao akauliza kwa adabu zote, "Mama, iyo mashine iko wapi?" Tulicheka mpaka mlinzi akaacha lango, akaja kuangalia kuna nini.

Kwetu mafuta ya pikipiki tunayaita esanse, nayo hayatoki kwenye mashine. Yanatoka kwenye pipa, yanaingia kwenye bidon, yaani lile dumu la plastiki la njano, kisha yanaingia kwenye chupa, na chupa inakaa juu ya meza kando ya njia ikimngojea mwenye haja. Ukitoka Kasongo kwenda Wamaza na kuendelea hadi Kabambare, meza hizo ndizo vituo vyako, na hakuna mwenye meza aliyewahi kuona tundu la kuchomekea plastiki. Madereva waligawana zile kadi. Kabla wiki haijaisha niliona zinafanya kazi nzuri sana ya kukwangua matope kwenye mnyororo.

Aliyeziagiza alikuwa meneja wetu, kijana aliyetoka Bukavu na diploma yake na shati lisilokunjika. Sikumcheka mbele yake. Nilimwambia tu kwamba kusimamia mafuta ni kazi yangu, kwa hiyo aniachie nami nijaribu kwa njia yangu. Kampuni yetu inapeleka sabuni, chumvi, betri na taa za jua kwenye maduka ya Nyangwe, Wamaza, Kabambare na kwenye machimbo ya dhahabu yaliyo kati yake, na pikipiki isiyo na mafuta haipeleki kitu. Hadi hapo kila dereva alikuwa akinunua njiani anavyojua mwenyewe na kurudi na hadithi. Hadithi zilikuwa tamu, lakini huwezi kuzitia kwenye faili.

Nikachukua boksi tupu la sabuni, kisu na rula ya mwanangu. Nilikata vipande vya ukubwa wa kiganja. Kila kipande nilikichorea visanduku ishirini kwa kalamu ya wino mweusi, nikakipiga muhuri wa kampuni nyuma ili asitokee mjanja wa kukata boksi lake nyumbani. Ukutani mwa ofisi nilipigilia misumari minne, msumari mmoja kwa kila njia, na kadi ikirudi inatundikwa hapo. Siku ya kumweleza meneja nilisimama wima kama mwalimu mkuu. "Kisanduku kimoja, lita moja," nikamwambia. Alikigeuza kile kipande, akanusa harufu ya sabuni, akasema sawa, tujaribu.

Sasa ilibaki kuwapata wauzaji wa kuaminika huko njiani. Hapo ndipo nilipopanda nyuma ya pikipiki ya dereva wa njia ya Kabambare, na lazima nimweleze mtu huyu, maana habari yote inamhusu yeye.

Hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa ametoka mashariki huko, akachimba dhahabu miaka kadhaa upande wa Kabambare, mpaka siku shimo lilipowafunika wenzake wawili yeye akiwa juu anavuta kamba. Akaiacha dhahabu, akaja Kasongo na mke na mabinti wawili, akaomba kazi ya pikipiki. Ni Mkristo, hana mjomba wala shangazi mjini, na watu wetu wa mjini wana ulimi juu ya wachimbaji. Sisi familia za Kiislamu za Kasongo tunajuana tangu mababu wa biashara za zamani. Mtu akija bila ukoo wa kuulizia, tunamkaribisha chai huku tukihesabu vijiko. Na mimi nilikuwa hivyohivyo, tena nikiwa mstari wa mbele. Mabinti wake walikuwa wameanza shule ya kanisa mwaka huo, na kila asubuhi walipita mbele ya bohari wameshikana mikono, sare zao zimepigwa pasi mpaka kola.

Safari ile alinipeleka vizuri. Kwenye mteremko mrefu alizima injini tukashuka kimya, upepo tu masikioni. Nikapiga kelele nikidhani imekufa. "Usiogope, mama," akasema bila kugeuka. "Mulima unatusukuma bure. Juu ya nini tuchome esanse?" Nilimwambia aangalie njia na aache falsafa.

Wamaza tulifika mawingu yamekwisha kushuka. Nilimchagua mwanamke mmoja mwenye meza safi, chupa zake zimefunikwa na vizibo vya majani ya mgomba, si matambara. Hakujua kusoma, na mimi nilikuwa na haraka kwa sababu matone yalikuwa yameanza kunidondokea kwenye kitambaa. Nikampa msumari na kipande cha ubao, nikamwonyesha: dereva akileta kadi, unamtilia mafuta, unatoboa. "Chupa moja, tundu moja," nikamwambia, nikirudia na kugonga kidole kwenye kadi. Akarudia maneno yangu, akacheka kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Kesho yake Kabambare nikamwambia muuzaji wa huko vilevile. Bei tulipatana kwa chupa, na wote wawili hawakutudhulumu hata siku moja.

Nilirudi Kasongo nimejaa matope na majivuno. Kadi zikaanza kwenda na kurudi. Madereva wa Nyangwe na wa vijiji vya karibu walijaza bohari kwetu, kwenye pipa letu lenye pampu ya mkono na kopo la chuma la lita moja, nami mwenyewe ndiye niliyetoboa kadi zao. Wa Kabambare alijaza tangi hapa, kisha njiani akaongeza kwa kadi yake. Kila Ijumaa asubuhi meneja alikuja kusimama mbele ya misumari yangu minne, akasoma matundu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Shangazi yangu mmoja alikuja kununua taa, nikampeleka ofisini kumwonyesha ukuta. Ndiyo, nilijisifu hadi kwa shangazi.

Ilipopita miezi mitatu meneja akaniita. Alikuwa amepanga kadi za njia ya Kabambare mezani, safu kwa safu. Wiki hiyo ndiyo kwanza alikuwa amepima njia ile na kuona safari moja, juu ya tangi la kuanzia, isizidi lita kumi na moja. Kadi za dereva wetu zilikuwa na matundu kumi na manne. Si safari moja, zote. Kumi na manne, kumi na manne, kumi na tatu, kumi na manne.

"Madamu," akasema, "huyu anauza mafuta machimboni."

Nataka kusema kwamba nilimtetea. Sikumtetea. Damu ilinichemka papo hapo, na haikuwa kwa ajili ya kampuni. Ilikuwa kwa ajili ya kadi zangu. Nilifanya kazi yote ile, nikapanda pikipiki mpaka mgongo ukaniuma wiki nzima, halafu mtu anatoboa njia yake ya wizi katikati ya visanduku vyangu! Nilitoka, nikamkuta anafunga mizigo ya chumvi, nikamwita ofisini na mlango nikauacha wazi.

"Esanse inaenda wapi?" nikamuuliza.

"Inaingia mu piki, mama."

"Lita tatu kila safari, zinaingia mu piki gani?"

"Yote inaingia mu piki. Miye siuzishaka esanse. Miye si mwizi."

Nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani kujificha chini ya meza. Nilimwambia wale wanaotoka kwenye mashimo mikono yao imezoea kuchukua kisichokuwa chao. Nilisema kwa sauti, mlango uko wazi, na wenzake watatu wako uani wanasikia. Alivua kofia yake ya pikipiki, akaiweka juu ya meza yangu taratibu, akatoka. Meneja akaamua: Ijumaa anatoa ufunguo, anaondoka. Na akaongeza, akituangalia sote, kwamba katika kampuni hii anayeharibu mambo ya mafuta hakai, hata awe nani. Nikaitikia kwa kichwa. Nilijiona nimefanya kazi yangu.

Ile kofia ilibaki mezani. Siku mbili niliandika barua zangu nikiizunguka.

Alhamisi alasiri nilipitia sokoni kwa mama yangu. Mama ameuza mawese tangu kabla sijazaliwa, kwenye kibanda kilekile karibu na njia ya msikitini, na chombo chake cha kazi ni chupa kubwa za bia. Ndiyo, bia. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kuionja, lakini chupa zake tunazo nyingi kuliko baa yoyote, zimesuguliwa kwa mchanga na maji ya moto mpaka zimesahau zilikotoka. Mimi nimekulia nikizisugua.

Alikuwa na mteja, bwana mmoja aliyetaka bidon nzima ya lita tano kwa karamu ya harusi, lakini ajaziwe kwenye chupa ili agawe kwa wapishi. Mama alikuwa ameshika bidon kwa mikono miwili. Bila kuniangalia, akasema, "Leta chupa saba."

"Bidon ni ya tano, mama," nikasema, akili yangu ikiwa bado ofisini.

"Ni ya tano. Leta saba." Akanigeukia. "Weye leo uko na nini? Bidon ya tano iliwahi kuingia mu chupa tano?"

Nilikuwa nimeinama kwenye karai la chupa, na nikabaki nimeinama. Saba. Nilikuwa nalijua hilo kabla sijajua kusoma. Nilipokuwa mtoto mama alinituma kwa jirani na bidon ya tano na kikapu cha chupa, nikirudi na chupa sita alinirudisha kwa ukali nikaulizie ya saba. Bidon ya tano, chupa saba. Bidon mbili, chupa kumi na nne. Hakuna mtoto wa muuza mawese Kasongo asiyejua. Na mimi, mtoto wa muuza mawese, nilimwambia meneja kisanduku kimoja lita moja, kisha siku chache baadaye nikamwambia mwanamke wa Wamaza kisanduku kimoja chupa moja, tena kwa kidole. Kilichonipoteza ni kwamba yale yalikuwa mafuta ya kupikia na haya yalikuwa kazi ya ofisi. Kalamu ilipoingia mkononi, chupa za mama zilinitoka kichwani.

Kumi na nne. Bidon mbili. Lita kumi.

"Uko na homa?" mama akauliza. Jasho lilikuwa linanitoka.

Nikamweleza. Nilimweleza yote, hata maneno ya mashimo, na mteja wa harusi akasikiliza naye, mdomo wazi. Mama aliendelea kumimina mpaka chupa ya saba, akafunga kizibo, akapokea pesa yake, akaagana na mteja. Ndipo akaniambia, "Yule baba iko na watoto?"

"Wawili. Wanasoma."

"Basi unakaa hapa unafanya nini?"

Nikamwambia ninaogopa. Nilisema hivyo hasa, kwa mama yangu, mimi mtu mzima mwenye watoto. Kosa lilikuwa langu, na meneja alikwisha kusema anayeharibu mambo ya mafuta hakai, na mimi niliitikia kwa kichwa. Mshahara ule ndio uliokuwa ukisomesha watoto wangu mwenyewe. Kulikuwa na sauti ndogo ndani yangu ikiniambia kwamba naweza kubadilisha kadi kimyakimya, nikasema labda njia imekuwa mbaya, labda injini imezeeka, dereva akaondoka tu na mambo yakaisha. Nilikuwa naisikia vizuri kabisa, na ilikuwa na hoja.

Mama hakunipa hotuba. Alianza kupanga chupa tupu kwenye karai, moja baada ya nyingine. Zilipofika saba akaweka bidon juu. "Kesho ninakuya pamoja na weye," akasema. "Ule patro wako, ule meneja, amesoma, lakini atabishana na makaratasi yako. Na chupa hatabishana."

Ijumaa saa tatu asubuhi tuliingia langoni, mama mbele na karai kichwani, mimi nyuma na bidon ya maji. Dereva wa Kabambare alikuwa amesimama karibu na pikipiki yake. Alikuwa ameiosha. Mtu anayefukuzwa kwa wizi, na ameosha pikipiki mpaka spoki. Ufunguo ulikuwa kwenye meza ya meneja iliyokuwa imetolewa nje, kivulini, na barua ilikuwa tayari pale inasubiri sahihi. Wale madereva watatu walikaa juu ya magunia ya chumvi bila utani wao wa kila siku.

"Meneja," nikasema, "kabla hujatia sahihi."

"Madamu, tumeshamaliza hili."

"Hatujamaliza. Mimi sijamaliza."

Nikageuza kadi moja ya Kabambare juu ya meza, nikamuuliza ile ni kadi ya lita ngapi. Kumi na nne, akasema, akiwa amechoka nami. Mama alikuwa amekwisha kushusha karai na kupanga chupa zake saba chini, mstari ulionyooka, kama anavyozipanga sokoni. Nikamwambia meneja kwamba hizi ndizo chupa za Wamaza, na hizi ndizo chupa za Kabambare, hakuna nyingine katika mkoa mzima wa Maniema. Akaziangalia. Akasema chupa ni lita, kidogo pungufu labda. Mama akacheka.

"Shika, mutoto wangu," akamwambia, akimpa bidon. "Mimina weye mwenyewe. Miye mutu wa soko, utasema ninakuibia."

Sijui kama meneja amewahi kukataa kitu mbele ya mama wa mtu, lakini siku ile hakukataa. Alikunja mikono ya shati lile, akapiga goti moja vumbini, akaanza. Madereva wakashuka kwenye magunia. "Moja," akasema mmoja, chinichini. "Mbili." Ilipofika ya tatu walikuwa wanasema wote watatu. Chupa ya tano ilijaa, na meneja akainua bidon akaitikisa, na sote tukasikia maji yakicheza ndani. Akanitazama. Nikamwambia aendelee. "Sita!" walipiga kelele, na mlinzi akaliacha lango tena. Ya saba ikajaa hadi shingoni, na bidon ikatoa tone la mwisho.

Meneja alibaki amepiga goti. "Tano," akasema, akiangalia bidon. Kisha akaangalia chupa. "Saba." Midomo yake iliendelea kucheza bila sauti, halafu akainuka, akachukua ile kadi mezani, akasema kwa sauti iliyokuwa tofauti kabisa, "Kumi na nne ni kumi. Ametumia lita kumi."

"Ulimpimia kumi na moja," nikasema.

Basi uani pale palikuwa na kelele! Wenzake walimrukia, wakamsukuma huku na huku, mmoja akapiga honi ya pikipiki bila kuacha. Maana hakuwa mwizi, na zaidi ya hapo, alikuwa anatumia mafuta pungufu ya aliyopimiwa, jambo ambalo hakuna mwingine kati yao aliyeliweza. Nilimkumbuka kwenye ule mteremko, injini kimya, akiniambia mlima unatusukuma bure. Dereva wa Nyangwe, ambaye kadi zake mimi mwenyewe nilizitoboa na ambaye ana mchumba upande wa pili wa mji, alianza ghafla kukagua kamba za viatu vyake.

Lakini nilikuwa sijafika mwisho, na nilijua nikiacha kelele zile zinibebe sitafika. Nikapaza sauti. Nikasema wauzaji hawana kosa, dereva hana kosa. Mimi ndiye niliyewaambia wauzaji chupa moja tundu moja, na mimi ndiye niliyemwambia meneja tundu moja lita moja. Nikasema nimekulia kwenye chupa hizi na nikazisahau. Kisha nikageuka, nikamtazama yule baba. Kumwomba radhi mtu mliyeachana kwa ugomvi nyumbani ni rahisi. Huyu nilimvunjia heshima hadharani, mlango wazi.

"Yale niliyosema juu ya mashimo," nikamwambia, "niliyasema mbele ya hawa, na mbele ya hawa ninayarudisha. Nilikukosea. Unisamehe."

Aliangalia chupa, akaangalia mama yangu, ambaye alikuwa ameanza kumwaga maji na kukusanya mali yake maana soko lilikuwa linamngoja.

"Mama," akaniambia, "siku ile nilirudi ku nyumba, watoto wakaniuliza kofia iko wapi. Nikawaambia nimeisahau ku kazi. Sikupenda kuwadanganya. Unipe kofia yangu."

Niliikimbilia ofisini. Nilikimbia kweli, na umri wangu huu. Nilipotoka nayo meneja alikuwa amechana ile barua, na sasa alikuwa ananitazama mimi kwa macho ya mtu anayekumbuka alichosema. Anayeharibu mambo ya mafuta hakai. Niliona neno hilo linavyomjia mdomoni, na hasira zangu, ambazo siku zote nazituma mahali pasipofaa, mara hii zilifika penyewe.

"Meneja," nikasema, "kama ni kuondoka kwa kosa la kadi, mimi nitaondoka. Tutaondoka pamoja na mwenye kadi za plastiki. Zipo bado, zinakwangua matope."

Nilisikia chupa za mama zikigongana ndani ya karai. Kisha meneja akaanza kucheka, kwa pua kwanza, halafu kwa kifua chote, akakaa kwenye kiti chake akijifuta vumbi la goti. "Madamu," akasema, "nenda uchore kadi mpya." Akainuka tena, akambebea mama yangu karai mpaka langoni, na huko nje akamwuliza bei ya mawese. Mama alimwuzia chupa mbili, na hakumpunguzia.

Nilichora kadi mpya siku hiyohiyo baada ya sala ya Ijumaa. Sikuchora visanduku. Nilichora chupa, safu za chupa ndogo zenye shingo, kumi na tano kwa kila kadi ya Kabambare, na pembeni bidon moja kila baada ya chupa saba, ili yeyote atakayesimama mbele ya ukuta wangu, awe na diploma au asiwe nayo, aone kwa macho. Mwanamke wa Wamaza, niliambiwa, alipoziona alisema hizi sasa ndizo kadi za mtu mwenye akili.

Jumamosi asubuhi dereva wa Kabambare aliondoka na mizigo ya chumvi na kofia yake kichwani. Mabinti wake walisimama langoni kumpungia, maana siku hiyo hakukuwa na shule. Alirudi siku ya sita, matope mpaka magotini, akaingia ofisini akaweka kadi mezani. Nilikuwa nimeamua zamani nitakachofanya. Niliichukua bila kuiangalia, nikainuka, nikaitundika kwenye msumari wake. Nilitaka ajue kwamba kwangu matundu yake hayahesabiwi tena.

Hakuondoka. Alisimama palepale, maji ya matope yakitiririka sakafuni.

"Hesabu, mama," akasema.

"Hakuna haja. Ninakuamini."

"Ninajua. Lakini siku ile ulisema kwa nguvu, mlango wazi, watu wote wakasikia." Akarudi hatua mbili, akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta. "Leo pia uhesabu kwa nguvu."

Uani wenzake waliacha walichokuwa wanafanya. Barabarani watoto wa shule walikuwa wanatoka, na kati yao niliona zile kola mbili zilizopigwa pasi zikikaribia lango. Nikaitoa kadi kwenye msumari, nikasimama mlangoni, nikaiinua juu, nikaanza kuhesabu matundu moja moja, kwa sauti yote niliyopewa. Yalikuwa kumi na matatu.